Bohari Chini ya Kitanda

Katika bonde la Kilombero hapana mtu wa kufundishwa maana ya ghala. Mavuno yanapokwisha, na mpunga ukishapurwa, ukapepetwa na kutiwa magunia, nyumba ya mkulima hubadilika: chumba cha wageni huwa cha mpunga, mgeni hulala ukumbini, na mwenye nyumba hupita ubavu ubavu baina ya ukuta na shehena ya chakula chake kwa fahari ambayo tajiri wa mjini haipati hata kwa gari jipya. Kwa hiyo lilipozuka shauri mtaani kwetu hapa Ifakara kwamba tuungane, tutoe kiingilio, tununue sukari, sabuni, chumvi na mafuta kwa bei ya jumla na kugawana wenyewe kwa wenyewe pasipo kupitia mkono wa muuza duka, hapana aliyestaajabu. Watu waliozoea kulala pamoja na magunia ya mpunga hawatishwi na katoni ya sabuni.

Shauri lenyewe ni la kale kuliko chama chetu. Katika mwaka 1844, wafumaji na mafundi wachache wa mji wa Rochdale, Uingereza, walichanga pauni moja moja, wakafungua duka lao la unga, sukari, siagi na mishumaa, wakaweka na sharti ambalo kila mwenye duka wa Ifakara angependa kulipigilia mlangoni kwake: fedha taslimu, mkopo hapana. Halafu mwaka 1976, katika mji wa San Diego, Marekani, bwana mmoja jina lake Sol Price alifungua bohari katika jengo lililokuwa la ndege, akaliita Price Club, akawatoza watu dola 25 kwa mwaka, si kwa kitu walichonunua, bali kwa idhini ya kuingia na kununua. Mtu mwenye akili timamu angedhani kwamba biashara ya kumtoza mnunuzi ada kabla hajanunua haitamaliza mwezi. Walakini ilistawi, ikaigwa, na mwaka 1993 ikaungana na Costco, kampuni iliyofungua bohari yake ya kwanza Seattle mwaka 1983. Siku hizi vijana wetu waliohamia huko huwapigia wazazi simu za video, wakiwaonyesha toroli lililosheheni karatasi za chooni za kumtosha mtu mpaka uzeeni.

Ajabu ni kwamba mwaka huohuo 1976 nasi tulikuwa na letu. Serikali ilianzisha Operesheni Maduka, iliyokusudia kwamba maduka ya watu binafsi vijijini yafungwe, na mahali pake yakae maduka ya ushirika ya wanakijiji wote. Reli ya TAZARA, inayopita hapa kwetu, ilikabidhiwa rasmi mwaka uleule. Ikawa njia ya kuletea bidhaa imefunguliwa na milango ya kuziuzia inafungwa. Pengine duka la zamani lilikwisha kufungwa na jipya halijawa hata na rafu, na mwaka haukuisha kabla wakubwa wenyewe hawajalegeza kamba. Mimi akili yangu iliamka miaka michache baadaye, wakati wa foleni, nami nakumbuka vizuri kwamba mwanachama wa duka la kijiji hakupanga foleni kwa miguu yake, bali kwa jiwe. Kila nyumba ilikuwa na jiwe lake, lililowekwa mstarini tangu alfajiri wakati mwenyewe yuko shambani. Na jiwe la mama yangu, lililokuwa jeusi lenye doa jeupe, lilipata kusukumwa nyuma ya jiwe la jirani, pakazuka ugomvi wa siku nyingi baina ya watu wawili ambao hawakuwapo.

Na mwaka 1983, wakati watu wa Seattle walipokuwa wakisifiwa kwa kujaza sabuni gari zima, hapa kwetu Waziri Mkuu Edward Sokoine alikuwa akiendesha vita dhidi ya wahujumu uchumi, na mtu aliyekutwa na sabuni nyingi chumbani alikuwa na maswali ya kujibu. Wapo waliotupa mali zao vichakani na mitoni usiku, ili kukicha waonekane maskini sawa na jirani zao. Kizazi changu, basi, kimelelewa kwa hofu mbili: hofu ya kukosa sabuni, na hofu ya kuonekana nayo. Siku guta la chama lilipotushushia katoni zetu za kwanza, mama mkwe, aliyekuwa amekuja kutujulia hali, aliinuka mkekani kimya akafunga dirisha pasipo kuombwa na mtu.

Faida za mpango huu sizikatai, kwa maana kukataa faida iliyo wazi ni utovu wa shukrani. Sukari ya gunia ilitupunguzia shilingi mia mbili katika kila kilo, na mwalimu mstaafu hana mia mbili za kupuuza. Tena masika yanaposhika, mto Lumemo ukajaa na magari ya mizigo yakachelewa, bei za mjini hupanda kila mvua inyeshapo, nasi wanachama tuliweza kuzisikia bei hizo kwa utulivu, kama habari za nchi ya mbali. Juu ya hayo, sabuni ya mche ina tabia njema ambayo wanunuzi wa kipande kimoja hawapati wasaa wa kuijua: ikikaa hukauka, na ikikauka haiyeyuki upesi majini, hata mche wa mwaka jana hufua nguo nyingi kuliko mche wa leo. Chumvi nayo ni mali ya kuaminika. Tuligawiwa chumvi nyingi kiasi kwamba naiona katika mali nitakayowarithisha watoto, na sina shaka watagawana kwa amani.

Sukari ndiyo iliyoanza kututia adabu. Maadamu stoo hatuna, gunia liliwekwa chini ya kitanda, na katika masika ya bonde hili sakafu hutoa jasho, kuta hutoa jasho, na kila kilichowekwa katikati hulazimika kuchagua upande. Sisimizi walikuja kwanza, kwa mstari ulionyooka na nidhamu ambayo duka letu la kijiji halikuipata hata kwa mawe. Sisimizi walipokwisha kupata haki yao, ukaja unyevu, na siku ya kufungua gunia tulikuta sukari imeshikamana kuwa bonge moja la umbo la mvungu wa kitanda. Akiba haiozi, walisema wahenga, nami sithubutu kuwapinga, kwa maana haikuoza, iligeuka jiwe. Kijana wetu alipewa mchi akawa akivunja kila asubuhi, na jirani aliyesikia kishindo akaja na sahani yake, akidhani tunatwanga kisamvu. Mgeni akiletewa chai alipewa kipande mkononi, atafune kwanza kisha anywe.

Mafuta nayo yalitufundisha somo jingine. Zamani, tulipokuwa tukinunua mafuta ya kupima, mpishi alimimina huku jicho lake likitazama chini ya chupa, na chupa ikimwonya. Dumu la lita 20 halionyi mtu. Wali ulianza kung'aa, maharage yakaogelea, maandazi yakawa kila siku ni sikukuu, na mimi, niliyekuwa nikihesabu daftarini faida ya kila lita, sikuwa na safu ya kuandika kwamba lita zenyewe zinakwenda mbio maradufu. Dumu lilipokwisha, faida ilikuwa imekwisha nalo, ila kiasi kidogo kilichobaki viunoni mwetu.

Kubwa kuliko yote ni udhuru, ambao mtu hajui thamani yake mpaka aupoteze. Mwenye robo kilo ya sukari akijiwa na mkopaji ana haki mbele ya Mungu na watu ya kusema imekwisha; mwenye gunia hana neno la kusema. Habari zilitoka kwa wapakuzi wa guta, zikafika kisimani, zikafika sokoni. Na tangu hapo hapakupita jioni pasipo mtoto kubisha hodi na kikombe mkononi, ametumwa na mama yake kuomba kidogo tu mpaka Jumamosi. Jumamosi zilikuja zikapita kwa utaratibu wake wa kawaida. Hata jamaa wa Mahenge, waliokuwa wakilalamikia kivuko cha Kilombero kila wakialikwa, wamekumbuka kwamba siku hizi kuna daraja.

Halafu kuna mkasa wa tambi. Mhazini wetu, mtu mwaminifu asiyejua kupita penye bei nafuu pasipo kusimama, alitumwa Kariakoo kununua sabuni, akarudi na sabuni, na juu ya sabuni katoni za tambi zilizopunguzwa bei kwa namna ambayo, kama alivyotueleza mwenyewe mkutanoni, kuziacha kungekuwa dhambi. Kila mwanachama alilazimika kuchukua sehemu yake. Sasa kumpelekea tambi mtu wa bonde la Kilombero, ambaye wali wake hunukia tangu ungali chunguni na jirani wa nyumba ya tatu akajua kumepikwa mchele gani, ni jambo la kutaka moyo. Tulizipika kwa sukari, watoto wakala kwa adabu. Tulizipika kwa chumvi, watoto wakauliza kama kuna msiba. Mama mkwe alinyanyua uzi mmoja kwa vidole viwili, akautazama kwenye mwanga wa mlango, akaurudisha sahanini polepole, akauliza mchele wa nyumba hii umepatwa na nini.

Wakati huo wote mwenye duka wa mtaani, ambaye sote twamwita Mangi ijapokuwa ni mzaliwa wa hapahapa na mlima Kilimanjaro hakupata kuuona ila katika karatasi ya chupa ya maji, alikuwa akiniitikia salamu zangu kwa taadhima iliyozidi kipimo, nami naijua taadhima hiyo, ni ya mtu aliyefutwa kazi. Usiku mmoja umeme ulikatika, na katika mali yote iliyokuwa chini ya kitanda changu, ambayo ingeweza kuosha na kukoleza nusu ya mtaa, hapakuwa na mshumaa. Nikaenda.

"Shikamoo, Mwalimu," akasema. "Katoni ngapi?"

"Marahaba, Mangi. Nipe mmoja."

Akaufunga mshumaa gazetini kwa utaratibu mkubwa, kisha akasema jambo ambalo nimelifikiri kuliko vitabu vingi nilivyosoma. "Mwalimu, ile mia mbili mliyoniona naiba katika kilo ya sukari, ilikuwa mshahara wangu. Sukari yenu nilikuwa nailaza mimi, panya nawakimbiza mimi, ikilowa hasara yangu, wakopaji wanapigana na daftari langu. Sasa kazi umeichukua wewe. Mshahara anakulipa nani?"

Sikuwa na jibu, nami nililipa mshumaa kwa fedha taslimu, kwa sharti la Rochdale. Naona siri ya mabohari yote ya wanachama, ya Seattle na ya kwetu, imo katika swali lile. Bei ya jumla ni nafuu kwa sababu muuzaji amekuachia nusu ya kazi yake uende nayo nyumbani: kubeba, kulaza, kulinda, kugawa na kunyima. Mwenye gari, friji na chumba cha ziada huifanya kazi hiyo pasipo kuiona, akadhani amepewa zawadi. Mwenye kitanda kimoja huifanya usiku, akiwa amelala juu yake. Sabuni na chumvi hazina kazi kubwa, kwa kuwa hazitamaniwi na roho wala hazimwiti mtu usiku, na hizo nitaendelea kuzinunua kwa katoni maadamu ni hai. Lakini sukari, mafuta na kila kinachopendwa na ulimi, afadhali kikae mbali nami, kikilindwa na mtu anayelipwa, nami nikifuate robo robo.

Hoja hiyo niliipeleka mkutanoni, nikaitetea kwa urefu unaostahili umri wangu. Wanachama, ambao kila mmoja alikuwa na bonge lake la sukari na sisimizi wake, walikubali kwa kauli moja kwamba chama kiendelee kununua kwa jumla, ila bidhaa zinazosumbua zihifadhiwe kwa mtu mwenye stoo kavu, paka na moyo mgumu, alipwe ujira kwa kila kilo, naye atupimie kadiri tunavyohitaji. Mtu wa sifa hizo mtaani ni mmoja tu, na alikubali pasipo kushindana. Mhazini akafanya hesabu hadharani, akatoa ujira wa Mangi, akatoa kodi ya guta na nauli yake mwenyewe ya Kariakoo, akatangaza kwamba faida ya uanachama sasa ni shilingi kumi katika kila kilo. Tulipiga makofi kwa muda mrefu, kisha tukagawana tambi zilizobaki.