Kombe Bila Kibarua

Kocha Ange Postecoglou alijigamba kwamba msimu wake wa pili huwa haupiti bila kombe. Mei 21, 2025, mjini Bilbao, Tottenham yake ikailaza Manchester United 1-0 na kubeba Ligi ya Europa, taji la kwanza la klabu hiyo tangu 2008. Siku 16 baadaye kibarua kikaota nyasi. Kosa? Ligi kuu alimaliza wa 17. Kumbe kombe si hoja, hoja ni ligi.

Haya, tuje kwenye ligi. Claudio Ranieri aliipa Leicester ubingwa wa Uingereza mwaka 2016, wakati kampuni za kubeti zilikuwa zimempa nafasi moja kati ya 5,000. Februari 2017 akafungashiwa virago. Kumbe hata ligi si hoja.

Labda hoja ni fedha. Chelsea imemwaga zaidi ya pauni bilioni 1 kwenye usajili tangu 2022, na makocha wakapishana mlangoni kama abiria wa daladala. Mwenye kusaini hundi yupo, anapunga mkono jukwaani.

Kijiweni nako mizani ni ileile. Pep Guardiola akishinda: "Kwa hela zile hata mimi!" Kocha wa klabu maskini akishinda: "Kabahatisha tu." Wote wakifungwa: "Si tulisema?"

Basi ndugu mchambuzi, ukiandika bango la "Kocha Aondoke", acha nafasi chini yake ya jina la aliyesajili.