Nani Kapika Nini Leo? Vifungua Kinywa Tisa, Kuanzia cha Mwisho Hadi Bingwa

Majigambo ya jikoni huanza kama saa nne asubuhi. Watoto wameshakwenda shule, vyombo vimeoshwa, na wapishi wa mtaa wanapokutana swali ni lile lile: "Wewe leo umewapa nini watu wako?" Mmoja atasema chapati. Mwingine atasema mihogo. Wa tatu atajifuta mikono kwanza, ndipo aseme "vitumbua", na wenzake wote watageuka kumtazama.

Nayapenda sana majigambo hayo, na leo nayapangia nafasi. Utamu siupimi, maana kwenye utamu kila mtu ana bibi yake na hakuna mahakama ya kumshinda bibi. Ninachopima ni saa ambayo mpishi alianza kazi. Kifungua kinywa cha kweli huanza usiku: kuna nafaka iliyorowekwa, unga ulioachwa uumuke, mifupa iliyotokota watu wamelala. Mlaji huiona asubuhi peke yake. Orodha hii ni ya yule aliyekuwa macho.

9. Chapati za maji

Unga, maji, chumvi, yai likiwapo, kitunguu ukipenda. Koroga, mimina, geuza, kula. Mpishi wake kaamka saa kumi na mbili na nusu na gari la shule linapita saa moja kamili. Mbio zake nazipigia makofi kwa moyo wote. Nafasi ya tisa bado ni nafasi. Walioweka biskuti mezani hawakuitwa hata kwenye mchujo.

8. Viazi vitamu na mihogo ya kuchemsha

Hapa sufuria ndiyo inayofanya kazi, mpishi ni msimamizi. Lakini usimwonee. Kazi yake ilifanyika sokoni, aliposimama mbele ya fungu la mihogo akauliza imeng'olewa lini, akavunja kipande kutazama kama ndani ni cheupe. Mhogo uliokaa siku nyingi hauivi vizuri hata uuchemshe mpaka adhuhuri. Ulio mzuri hupasuka wenyewe na kutoa unga, na hapo chai ya rangi na pilipili ya kusaga vinatosha.

Na viazi vitamu vya rangi ya chungwa ni viazi vyenye heshima zake. Vina wingi wa kile ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A, na kazi ya kuvizalisha na kuvifikisha kwa wakulima wa Afrika ilimfanya mtafiti wa Uganda, Robert Mwanga, awe mmoja wa waliotunukiwa tuzo ya World Food Prize mwaka 2016. Kwa hiyo jirani akikwambia, "Ah, nimechemsha viazi tu," mwambie hiyo "tu" aifute.

7. Chapati za kusukuma

Ugomvi wa kwanza uko hapa.

"Mimi niko wa saba?"

"Unga uliukanda saa ngapi?"

"Asubuhi hii hii."

"Basi kaa hapo hapo, dada, uongeze mafuta."

Jasho lake nalijua. Unasukuma, unapaka mafuta, unakunja, unaviringisha, unaziacha zipumzike, unasukuma tena. Yale mafuta yaliyo kati ya mikunjo ndiyo yanayouzuia unga kushikana, na ndiyo yanayozaa tabaka. Pumziko nalo si uvivu: unga uliokandwa punde hujivuta na kurudi nyuma ukiusukuma, na ukiachwa nusu saa hulegea na kukutii. Anayekanda usiku, akaufunika na kuulaza mahali pa baridi, chapati zake hulainika mpaka zinaliwa bila mchuzi. Huyo aje na ushahidi, nitampandisha.

6. Uji wa ulezi uliochachuliwa

Uji wa kukoroga asubuhi na kutia sukari ungebaki kule chini na viazi. Huu ninaousema umeanza jana au juzi: unga umechanganywa na maji, umefunikwa, umeachwa mpaka uchachuke wenyewe. Magharibi mwa Kenya wanaujua vizuri. Uchachu wake ni wa taratibu, na wadudu wadogo wanaouchachua hupunguza ile asidi ya nafaka inayoyashikilia madini yasinyonywe na mwili. Na madini yamo: kwa kalsiamu ulezi unazishinda nafaka zetu nyingine za kawaida kwa mbali.

Anayekamulia ndimu asubuhi ili aonekane kachachua usiku, tumemwona. Uji wake ni mtamu na tutaunywa, ila nafasi ya sita haipati.

5. Kiporo

Kiporo kimekuja na wakili. "Kama kipimo ni kuanza usiku," anasema, "mteja wangu alikuwa tayari tangu jana saa mbili. Nipeni ubingwa twende zetu."

Hoja ina nguvu, na imenipa kazi. Jibu langu ni hili: kubaki si kupikwa. Aliyepika jana alikuwa akiwaza chakula cha usiku, na kilichobaki kimebaki kwa bahati. Ila yuko mpishi mwingine kabisa, yule aliyezidisha kikombe cha maharage kwa makusudi na kukiweka kando kabla mtu hajapakuliwa. Huyo ana mpango, naye ndiye aliyekibeba kiporo mpaka nafasi ya tano. Maharage ya jana huwa yamekolea: chumvi na viungo vimeingia hadi ndani, mchuzi umekuwa mzito wenyewe. Kwa chapati, nani atasema kitu?

Wali ndio wa kuogopa, na hapa naomba tusikilizane. Kuna bakteria waitwao Bacillus cereus ambao mbegu zao hustahimili kuchemshwa. Wali ukiachwa sufuriani usiku kucha katika joto la Pwani, mbegu hizo huamka, huongezeka na kutoa sumu, na sumu hiyo haitoki kwa kuupasha moto asubuhi. Kwa hiyo utandaze kwenye sinia upoe upesi, kisha uingie kwenye friji. Huna friji? Pika unaoisha usiku huo huo. Wa nazi ndio kabisa, maana tui halina subira. Kiporo bora ni kile kisichokupeleka zahanati.

4. Mtori

Wachaga, nyanyukeni mpokee. Mifupa yenye nyama hutokoswa kwanza, mpaka nyama ijitenge na mfupa bila kulazimishwa, na mpishi mwerevu huiacha ijitenge tangu usiku. Alfajiri zinaingia ndizi, na za mtori hasa ni mchare. Zikiiva, nyama inatolewa, ndizi zinapondwa kwa mwiko, nyama inarudi nyumbani. Kilimanjaro humpa mama aliyejifungua, nami sioni kwa nini sisi wengine tusubiri mpaka tujifungue.

Mpishi wa mtori utamjua kwa mikono: kapaka mafuta kabla ya kumenya, maana utomvu wa ndizi ukikunasa haukuachi siku nzima. Na ndizi anazitumbukiza kwenye maji papo hapo zisiwe nyeusi.

Jirani zetu wa Uganda wananyosha mkono: katogo je? Matoke na matumbo, au matoke na maharage, au ya karanga, yote chungu kimoja. Matumbo yaliyooshwa na kuchemshwa jioni yanahesabika kama kazi ya usiku, na anayebisha hajawahi kuosha matumbo. Karibuni nafasi ya nne, mkae pamoja na mtori, ndizi zinawatosha wote.

3. Mkate wa kumimina

Mchele umelowa usiku kucha. Unasagwa pamoja na tui na iliki, unatiwa hamira na sukari, unaachwa uumuke mpaka uso wote uwe mapovu. Kisha sufuria inapakwa samli, rojo linamiminwa, moto kidogo chini na makaa juu ya mfuniko. Hapo mpishi haruhusiwi kufunua kila dakika. Anayefunua kila dakika atakula kitu kingine, na tutakitafutia jina.

Mkate huu umesafiri. Waliotoka Unguja na Pemba kwenda Oman, wengi baada ya mapinduzi ya 1964 na wengine kwa mwito wa Sultani Qaboos baada ya kushika madaraka mwaka 1970, walikwenda nao. Huko Maskati unapikwa katika oveni na kwa tui la kopo, na mezani bado Kiswahili kinasikika. Mpishi wa Unguja akisikia oveni atakunja uso. Mimi nasema: mchele uliloweka usiku? Basi umo.

(Mkate wa ufuta umeniandikia kulalamika. Nakupenda, lakini wewe ni wa futari, na jua la asubuhi si uwanja wako.)

2. Mahamri na mbaazi za nazi

Mombasa, msirushe viatu. Nisikilizeni kwanza.

Hakuna jozi inayokaribia hii. Unga wa hamri umekandwa usiku kwa tui zito na iliki, umefunikwa kwa kitambaa. Alfajiri unasukumwa, unakatwa, unaingia kwenye mafuta yaliyopata moto, na mpishi anaurushia mafuta kwa juu ili ufure. Likifura limekuwa hamri, likikataa kufura mpe mtoto aliye karibu, hatalalamika. Upande wa pili mbaazi zimelala majini usiku kucha na zimechemshwa mpaka zikalainika. Tui jepesi huingia mwanzo, zito mwisho, na hapo moto unapunguzwa, kwa sababu tui zito likichemka kwa fujo hukatika.

Na mbaazi zenyewe zinastahili kupendwa zaidi ya tunavyozipenda. Mwaka 2017 India ilipoweka kikomo kwa mbaazi zinazoingia nchini mwake, bei ikaporomoka, na wakulima wa Lindi na Mtwara wakabaki na magunia mikononi. Zao bora namna ile lisingetegemea hivyo mlaji wa mbali kama sisi wenyewe tungelila mara nyingi zaidi. Lowekeni mbaazi, jamani. Hata za Jumanne.

Kwa nini basi nafasi ya pili? Mbaazi peke yake zingeshinda, lakini hamri limekuja na unga wa dukani. Bingwa wangu ameanzia kwenye punje.

1. Vitumbua

Rojo lake ni ndugu wa tumbo moja na lile la mkate wa kumimina: mchele, tui, iliki, hamira, usiku mzima. Tofauti ni kwamba mkate humiminwa mara moja na mpishi akakaa. Wa vitumbua hakai. Anasimama juu ya chuma chenye mashimo, anatia mafuta kidogo kila shimo, anamimina, anangoja kingo zikauke, anageuza kimoja kimoja kwa kijiti, anatoa, anaanza tena. Familia ya watu sita ni vitumbua vingapi? Hesabu mwenyewe, kisha nenda ukamsalimie kwa adabu.

Chuma kipya ni mkaidi. Vya kwanza hung'ang'ania na kutoka vipande vipande, mpaka chuma kiwe kimekunywa mafuta ya kutosha na kuzoea moto. Ndiyo maana chuma cha zamani, kile cheusi kilichorithiwa, hakiazimwi kwa mtu. Kuomba kuazima chuma cha vitumbua cha mama mkwe ni kuutafuta ugomvi mkubwa asubuhi na mapema. Walioko Ulaya wamepata njia: Wadenmark wana kikaango chao chenye mashimo, cha kupikia vitafunwa vyao vya mviringo viitwavyo æbleskiver, na vitumbua hutoka humo bila shida yoyote.

Makosa mawili tu ya kuepuka: usiusage mchele ukabaki na chenga, na usiusage ukiwa haujalowa sawasawa. Chukua punje, ivunje kwa ukucha. Ikikatika bila kukataa, iko tayari.

Vitumbua huliwa vya moto, na huisha kabla mpishi hajavuta kiti. Kwa hiyo mpishi, kabla hujaita mtu yeyote mezani, weka vyako vitatu pembeni na uvifunike.