Usimnenepeshe Mwepu Ilunga: Mwongozo wa Mwenye Projekta wa Bunia

Hongera kwa projekta mpya. Umeipachika sebuleni, ukuta umeupaka rangi nyeupe, na mtaa mzima wa Mudzipela umeshapata habari. Jua la Bunia huzama karibu saa kumi na mbili jioni mwaka mzima, kwa hiyo giza si la kungojea sana. Filamu itaanza, ukuta utabaki na sehemu nyeusi, na shemeji aliyekaa karibu na rimoti atasema: "Yaya, jaza ukuta wote!" Usijaze. Maelezo yote yanayofuata ni silaha zako dhidi ya shemeji huyo.

Anza kwa kukitambua kitufe cha fomati. Projekta nyingi zinazouzwa siku hizi zina umbo la 16 kwa 9, yaani upana wa picha ni kimo chake mara 1.78. Filamu zenyewe zina maumbo mengi, na kila moja ilipimwa na watu waliojua wanachofanya. Kitufe hicho huivuta picha mpaka ienee ukutani kote, hata kama ilizaliwa nyembamba. Kifunike kwa plasta.

Ukitaka ushahidi, tafuta picha za timu ya soka ya Leopards ya Zaire ikicheza na Brazil kwenye Kombe la Dunia, pale Gelsenkirchen, tarehe 22 Juni 1974. Televisheni ya wakati ule ilikuwa ya 4 kwa 3, karibu mraba. Ukiivuta picha yake hadi 16 kwa 9, kila kitu kinaongezeka unene kwa theluthi moja. Mwepu Ilunga anachomoka kwenye ukuta wa wachezaji kuupiga mpira wa adhabu usio wake, naye amekuwa mnene kama gunia la muhogo, na mpira wenyewe umerefuka kwa ubavu. Mtu yule alikuwa na mwili wa mwanariadha. Wajukuu zetu wana haki ya kumwona alivyokuwa. Acha pande mbili za ukuta zibaki nyeusi, picha ikae katikati.

Hali ni hiyohiyo kwa video za harusi za miaka ya tisini zilizohamishwa kutoka kanda za VHS. Bibi harusi hakuvaa gauni lile ili aje kupanuliwa na rimoti mbele ya watoto wake.

Filamu za zamani za sinema nazo ni za umbo hilo la 4 kwa 3, au karibu nalo: 1.37. Mojawapo ni jirani yetu kabisa. John Huston alipotengeneza The African Queen mwaka 1951, sehemu ya kazi aliifanya kwenye mto Ruiki, upande wa Ponthierville, ambayo leo ni Ubundu, na sehemu nyingine Butiaba, ng'ambo ya pili ya Ziwa Albert letu. Katharine Hepburn na Humphrey Bogart wamebanwa ndani ya mashua ndogo, na picha ile nyembamba ndiyo inayokufanya uusikie mbano huo. Ukiipanua, mashua inakuwa kubwa kuliko ilivyokuwa.

Miaka miwili baadaye mambo yakageuka. Televisheni ilikuwa inawabakiza watu nyumbani Marekani, na kampuni ya 20th Century Fox ikaamua kuwapa kitu ambacho sebule haina: upana. Mwaka 1953 ilitoa The Robe kwa CinemaScope, ikitumia wazo la lenzi la Mfaransa Henri Chrétien, inayoibana picha pana ndani ya filamu ya kawaida na kuipanua tena wakati wa kuonyesha. Ndiko zilikotoka filamu za 2.35 na 2.39, zinazoacha nyeusi juu na chini ya ukuta wako.

Hapa shemeji hatavuta, atakuza. Picha itajaa, nyuso hazitanenepa, naye atajiona ameshinda. Lakini kwa filamu ya 2.35 atakuwa amekata karibu robo ya picha, kulia na kushoto. Mwonyeshe The Way of the Dragon ya mwaka 1972, ambayo Bruce Lee aliiongoza mwenyewe. Katika pambano na Chuck Norris ndani ya Kolosei ya Roma, wanaume wawili wamesimama kila mmoja upande wake, na ule uwazi kati yao ndio unaokufanya ushike kiti. Ukikuza, umebaki na magofu ya Warumi na viwiko viwili.

Sasa chukua futi ya fundi. Tuseme picha yako ina upana wa mita 2.40. Kwa 16 kwa 9, kimo ni mita 1.35. Filamu ya 2.39 kwa upana huohuo itakuwa na kimo cha mita 1 tu, kwa hiyo sentimita 17 na nusu zitabaki juu na nyingine chini. Filamu ya 1.85 itakuwa na kimo cha mita 1.30 hivi, na hiyo usiihangaikie. Picha ya 4 kwa 3 itakuwa na upana wa mita 1.80, ikiacha sentimita 30 kila upande.

Sehemu hizo nyeusi kwa kweli si nyeusi, ni kijivu, maana projekta haiwezi kuzima mwanga wake wote. Kijivu hicho ndicho kinachomkera shemeji bila yeye kujua. Dawa yake ni kitambaa: nunua velveti nyeusi sokoni, mpe mshonaji, kisha ipigilie kwenye mbao nne nyepesi. Mbili za kulala zina upana wa sentimita 17 na nusu, mbili za kusimama sentimita 30. Unazitundika kwa misumari kulingana na filamu ya usiku huo. Picha iliyozungukwa na weusi halisi inang'aa zaidi machoni, na hutaongeza hata tone la mafuta kwenye jenereta.

Kabla ya kutundika ubao wa chini, angalia maandishi ya tafsiri. Mara nyingi Kifaransa hukaa ndani ya ile nyeusi ya chini, na velveti itakimeza. Programu ya VLC inakuruhusu kuyapandisha maandishi juu ya picha. Na ziko filamu zinazobadilisha umbo katikati, kama The Dark Knight kwenye diski ya Blu-ray, au The Grand Budapest Hotel yenye maumbo matatu kwa nyakati tatu za hadithi. Usiku huo mbao zipumzike.

Projekta isimame sawa mbele ya ukuta. Ukiiinamisha halafu ukarekebisha pembe kwa rimoti, unaweza kuharibu vipimo vyote ulivyohesabu. Kuhakikisha, simamisha filamu mahali penye mpira au saa ya mviringo na uipime: upana na kimo vilingane.

Jimbo letu liliwekwa chini ya utawala wa kijeshi Mei 2021, na familia nyingi za Bunia zimejifunza kufunga mlango mapema. Ukuta wa sebule ndio safari tunayoweza kuwapa watoto usiku, na safari hiyo wanastahili kuiona yote, bila kukatwa wala kuvutwa.

Mpe shemeji kiti cha katikati na karanga za kutosha. Rimoti kaa nayo wewe.