Tyubu Kwenye Kabati la Vyombo

Jumatatu
Karatasi za mtihani wa Kidato cha Pili zimenata kiwikoni. Nilipaka dawa alfajiri, lakini marhamu haikauki upesi kama krimu. Hukaa juu ya ngozi, na ndiyo kazi yake. Mwanafunzi mmoja wa Jiografia atarudishiwa mchoro wa Bonde la Ufa ukiwa na duara la mafuta katikati. Nimemwandikia pembeni kwamba ni dawa, na kwamba alama zake hazikuguswa.

Kipimo ni kilekile: dawa iliyokamuliwa kuanzia ncha ya kidole cha shahada hadi pingili ya kwanza. Ni kama nusu gramu, na inatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima, vidole vikiwemo. Madaktari Long na Finlay walikieleza kipimo hiki Uingereza mwaka 1991, nami sijaona kilicho rahisi zaidi kwa mtu asiye na mizani nyumbani. Viwiko vyangu vyote viwili vinatosheka na kidole kimoja.

Jumanne
Kwenye daladala, mama mmoja aliyaona mabaka yangu ya soriasisi, akamhamishia mtoto wake paja la pili, kisha akasimama kabisa. Nikamwambia, "Dada, haiambukizi." Akasema, "Pole," akabaki amesimama hadi stendi.

Soriasisi hutokana na kinga ya mwili kuichochea ngozi ijitengeneze kwa siku chache badala ya karibu mwezi mzima, hivyo ngozi mpya inarundikana juu ya ile ambayo bado haijabanduka. Kwa sisi weusi baka mara nyingi si jekundu kama picha nyingi za vitabu zinavyoonyesha. Langu ni la zambarau inayoelekea kijivu, magamba meupe juu. Mwaka 2014 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio linaloitambua soriasisi kuwa ugonjwa sugu usioambukiza. Ningependa libandikwe ndani ya daladala, pale panapobandikwa nauli.

Jumatano
Tyubu haikuwepo bafuni. Wifi yangu alikuwa nayo sebuleni, anasoma maandishi kwenye boksi.

"Wifi, kumbe unayo klobetasoli! Ndiyo wanayochanganya kwenye mkorogo. Nigawie kidogo ya uso, nina sendoff mwisho wa mwezi."

Nilikataa, naye akanuna hadi chakula cha usiku. Hii ni steroidi ya kundi lenye nguvu kuliko yote ya kupaka. Daktari aliniambia nisivuke wiki mbili mfululizo, nisizidishe gramu 50 kwa wiki, wala nisiiguse usoni, kwapani au kwenye mapaja ya ndani, ambako ngozi ni nyembamba na hunyonya dawa kwa wingi. Kazi yake ni kutuliza kinga iliyopandwa na hasira. Ikipakwa usoni kwa miezi, ngozi inakonda, mishipa inajitokeza, na chunusi zinaota. Mimi mwenye ugonjwa nimekatazwa kuipaka usoni, sembuse yeye mwenye ngozi nzima. Tyubu imehamia kwenye kabati la vyombo, rafu ya juu.

Alhamisi
Nilikwenda kununua tyubu ya akiba. Cheti cha daktari kilikuwa na jina la dawa na asilimia yake, 0.05. Duka la dawa la jirani walinipa tyubu nyingine ya rangi ileile. "Ni hiyohiyo dada, tena hii ina nguvu tatu." Nikaigeuza nikasoma: steroidi, dawa ya fangasi, dawa ya bakteria, zote pamoja. Sina fangasi, sina kidonda kilichooza. Na mwenye fangasi akipaka mchanganyiko huo, steroidi inauficha upele huku fangasi wakiendelea kuenea chini kwa chini. Niliirudisha, nikatembea hadi mjini juani kutafuta ile iliyoandikwa.

Ijumaa
Cheche imeruka kutoka jiko la mkaa ikatua kwenye khanga ninayojifunga nikishapaka dawa. Ukingo umeshika moto mara moja; mdogo wangu akaumwagia maji ya kuoshea mchele. Mafuta ya parafini yaliyomo kwenye marhamu nyingi huloweka kitambaa, na kitambaa hicho huwaka upesi kuliko cha kawaida. Kufua hakuyatoi yote. Khanga ile imetupwa. Kuanzia leo nitapaka baada ya kupika, na atakayepuliza moto ni mdogo wangu.

Jumamosi
Mama mkwe amefika kutoka Same na nailoni ya kufungia vyakula. Jirani yake kamwambia dawa ifungwe ili izame.

"Shikamoo mama. Kweli inazama, lakini inazama kupita kiasi. Daktari ndiye wa kusema ifungwe."

Alikunja nailoni akafungia mihogo. Hakukasirika. Jioni alinikanda vidole kwa vaseline, mahali ambapo sipaki steroidi, na ngozi ililainika vizuri sana.

Jumapili
Magamba yameisha, baka limelala sawa na ngozi. Limebaki doa jeusi, nalo si la kupaka steroidi. Litafifia lenyewe taratibu. Nitapunguza kama nilivyoelekezwa, kwanza siku moja napaka, siku moja naacha, kwa sababu kuacha ghafla kunaweza kuurudisha ugonjwa kwa kishindo.

Usiku wifi amegonga mlango wa chumba, uso umevimba na kuwaka. Amekuwa akipaka mkorogo wa sokoni tangu Pasaka. Alipouacha, ngozi ikaanza kuungua. Ndiyo maana aliitaka tyubu yangu. Nimemwambia asipake tena chochote alichonunua kwa kubahatisha, wala asione aibu. Tunakwenda kliniki ya ngozi kesho, saa kumi na mbili asubuhi tuwe njiani. Abebe na lile kopo, daktari alione.