Barua ya Wazi kwa Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani

Ofisi ya Hakimiliki,
Maktaba ya Bunge la Marekani,
Washington.

Waheshimiwa,

YAH: PONGEZI KWA KUDHIBITI FURAHA ISIYO NA KIBALI

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu. Oktoba 2024 mlitoa uamuzi ambao wapenzi wa gemu za video hawajaupa heshima unayostahili. Taasisi mbili za uhifadhi, Software Preservation Network na Video Game History Foundation, zilikuwa zimehangaika kwa miaka mitatu zikiwaomba jambo moja dogo: maktaba na makumbusho yenye gemu za zamani ambazo haziuzwi tena yaruhusiwe kumfungulia mtafiti aliye mbali, azitumie kwa mtandao huko huko aliko. Mlikataa. Katika maelezo yenu mlikubaliana na hoja kwamba ipo hatari kubwa ya gemu zilizohifadhiwa kutumika kwa burudani. Yaani mtu anaweza kujiandikisha kama mtafiti, akafunguliwa gemu, halafu, bila hata haya, akafurahi.

Nawapongeza kwa moyo mkunjufu, maana hatari hii ilikuwa imejificha muda mrefu. Wengine tulidhani adui wa sheria ya hakimiliki ni mwizi, yule anayerudufu kazi ya mtu na kuiuza. Nyinyi mmeona mbali zaidi. Na hamkubahatisha, kwani msimamo wenu una historia. Mwaka 2021 mliruhusu maktaba kuwapa watafiti wa mbali programu nyingine za kompyuta zilizokwisha sokoni. Mtu akitaka kuchunguza programu ya mahesabu ya miaka ya themanini, afunguliwe akiwa nyumbani kwake, hakuna tatizo. Gemu mkaziacha nje ya mlango. Mantiki inaeleweka: tangu dunia iumbwe hakuna aliyewahi kupatikana na kosa la kuchekelea jedwali la mishahara.

Msije mkadhani sielewi mlichoacha wazi. Mtafiti bado anaruhusiwa kutumia gemu hizo, ilimradi aende mwenyewe mpaka kwenye jengo la maktaba. Tumchukue basi mwanafunzi wa uzamili wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam anayeandika tasnifu kuhusu namna Afrika ilivyochorwa kwenye gemu za miaka ya tisini. Gemu anayoihitaji imo The Strong, makumbusho ya michezo yaliyoko Rochester, jimbo la New York. Atalipa ada ya viza, ambayo hairudishwi hata akikataliwa. Atasimama dirishani ubalozini, aulizwe madhumuni ya safari yake, naye kwa kuwa ni mkweli atajibu: nakwenda kucheza gemu. Afisa atamtazama, atatazama karatasi za benki, atamtazama tena. Hapo ndipo uzuri wa mpango wenu unapoonekana, kwani mpaka mtu huyo afike Rochester, kama atafika, hamu yote ya kuburudika itakuwa imemtoka.

Lakini kuna takwimu zinazowaharibia, na ni vyema mkazijua kutoka kwa anayewatakia mema. Julai 2023 zile taasisi mbili za uhifadhi zilitoa utafiti ulioonyesha kwamba asilimia 87 ya gemu za zamani zilizowahi kutolewa Marekani haziuzwi tena kwa njia yoyote halali. Za Game Boy, kile kidude cha mkononi kilichouzwa kwa mamilioni, zinazopatikana hazifiki hata asilimia 6. Watafiti hao walilinganisha hali hiyo na ya filamu bubu za Marekani. Na taarifa kuhusu filamu bubu ilitoka wapi? Kwenu! Mwaka 2013 Maktaba ya Bunge, ambayo ofisi yenu ni sehemu yake, ilichapisha ripoti ikisikitika kwamba katika filamu ndefu bubu karibu 11,000 zilizotengenezwa nchini humo, zilizosalia katika umbo lake la asili ni asilimia 14 tu. Ofisi moja ya jengo inaomboleza marehemu wa zamani, ofisi nyingine inamzuia daktari asimfikie mgonjwa wa leo. Sisi wenye wizara zetu hapa hatushangai, hayo tunayaona kila siku, ila tulidhani nyinyi mmeendelea.

Na mgonjwa kweli anaumwa. Ndani ya kaseti nyingi za gemu za zamani mna betri ndogo ya kutunza pale mchezaji alipofikia, na betri hizo zinakufa moja baada ya nyingine. Diski za sumaku zinapoteza data. Sheria yenu inasema kazi ya kampuni inalindwa miaka 95 tangu ilipotolewa, hivyo Super Mario Bros. ya 1985 itakuwa mali ya umma mwaka 2081. Mario anaweza kusubiri, ana mwenyewe tajiri na gemu yake inauzwa mpaka leo. Swali ni hizo nyingine maelfu, za kampuni zilizofilisika, zikauzwa, zikaunganishwa na nyingine, hata asijulikane tena nani wa kuombwa ruhusa.

Wapo watakaosema nawaonea: aliyetengeneza gemu naye anakula kwa jasho lake, na gemu za zamani zimegeuka biashara, zinapigwa rangi upya na kuuzwa kwa vijana ambao hawakuwa wamezaliwa. Ni kweli, na mtengenezaji alipwe. Ila waombaji hawakugusa gemu zilizo dukani, waliomba zile tu zisizouzwa. Kampuni ikiamua kesho kuirudisha gemu sokoni, inatoka kwenye ruhusa siku hiyo hiyo. Sasa hasara ya biashara ambayo haipo inahesabiwaje? Nyakati nyingine hata mwenye mali hana la kufanya. Mwaka 2023, Electronic Arts ilipoachana na jina la FIFA, iliyaondoa matoleo yake ya gemu ya soka ya FIFA kwenye maduka ya mtandaoni. Kijana anayetaka kuandika kwa ushahidi mwanasoka wetu Mbwana Samatta alipewa alama ngapi za kasi alipokuwa klabu ya Genk, na kama alidhulumiwa (alidhulumiwa), hawezi kuinunua gemu hiyo hata akiwa na fedha mkononi. Atategemea diski za mtumba.

Kuhusu nia njema ya wenye viwanda vya gemu, katika kikao chenu cha Aprili 2024 wakili wa chama chao, ESA, aliulizwa kama yapo masharti yoyote ambayo yangewaridhisha. Akajibu kwamba kwa wakati huo hakuna mpangilio wa masharti ambao wanachama wake wangeukubali. Namheshimu wakili huyo kwa kusema kweli. Wengine wangezunguka mbuyu.

Hoja yenu nzito, nayo naikubali kuwa nzito, ni kwamba gemu si kama nyaraka: kuitumia ndiko kuicheza, na kuicheza ni burudani hata kama mchezaji ana daftari la utafiti pembeni. Sawa. Lakini maktaba inapoazimisha riwaya haimsimamishi msomaji mlangoni kumuuliza kama ana nia ya kucheka. Mtafiti wa taarabu asiyetikisa kichwa hata mara moja nadhani hafai kuandika kuhusu taarabu. Kinachotafitiwa ndani ya gemu ni hicho hicho: jinsi inavyomshika mtu, inavyomghadhibisha, inavyomfanya aseme 'mara ya mwisho' mara saba. Na ninyi wenyewe mnajua, maana mwaka 2023 Maktaba yenu iliuingiza muziki wa Super Mario Bros. kwenye orodha ya sauti zinazostahili kutunzwa kwa ajili ya taifa. Kwa hiyo Mmarekani anatakiwa kuuenzi muziki wa gemu. Gemu zenyewe, zilizo nyingi, asubiri.

Mtaniambia pia, kwa sauti ya chini, kwamba haya yote ni makelele ya bure kwa sababu maharamia wameshahifadhi kila kitu na aliye na intaneti anajua pa kupakua. Hapo mmenena. Afrika Mashariki tunawadai maharamia shukrani ambazo hatuwezi kuziweka kwenye maandishi. Wengi huku walimjua Mario, Contra na Battle City kwa TV gemu za Kichina zenye kaseti za njano, zilizoandikwa kuwa ndani mna michezo 9,999, kumbe ni michezo kumi na kitu inayojirudia, mara Mario anaanzia hatua ya tatu, mara anga lake limegeuka jeusi. Hakuna aliyeombwa kibali. Basi tuitazame sheria yenu inamshika nani. Haramia haimsumbui, hajui hata kama mlikaa kikao. Anayecheza kwa kujifurahisha haimsumbui, ameshapakua. Anayekwama ni mkutubi anayeogopa kuiponza taasisi yake, na mtafiti anayetakiwa na chuo aeleze alikopata ushahidi. Katika watu wote waliotaka kuzifikia gemu hizo, mmewazuia wale tu waliokuja kuomba ruhusa.

Kwa kuwa sheria yenu ya 1998 inawataka mpitie ruhusa kama hizi kila baada ya miaka mitatu, na duru ijayo ni 2027, naleta mapendekezo mapema. Kwanza, mtafiti aape mbele ya wakili kwamba hatafurahi, na kamera ya kompyuta yake iwashwe: akitabasamu mara mbili, gemu ikatike. Pili, maktaba ziajiri wakaguzi wa kununa. Tatu, ziwepo gemu zinazopata kibali moja kwa moja kwa kuwa hazina uwezo wa kumfurahisha mtu, na ya kwanza iwe E.T. ya Atari ya mwaka 1982, iliyotengenezwa kwa wiki tano hivi na kuwaudhi wateja kiasi kwamba mwaka uliofuata shehena ya kaseti za Atari, nayo ikiwemo, ilizikwa kwenye dampo la Alamogordo, New Mexico. Dampo hilo lilifukuliwa Aprili 2014, zikatoka kaseti zaidi ya elfu moja, na baadhi zimo makumbusho hadi sasa. Miaka thelathini zilikaa chini ya taka na saruji, na waliokuja kuzichukua waliombwa kibali cha kuchimba tu. Hakuna aliyewauliza kama watazicheza.

Nawatakia kazi njema, na nasubiri majibu yenu kwa njia yoyote isiyo ya kufurahisha.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mpenzi wa gemu

Nakala: Chama cha ESA, kwa taarifa.