Mwongozo kwa Mjumbe Asiye na Mtu

Ndugu mjumbe, fomu zimeanza kuchukuliwa, na wewe umejiapiza kwamba safari hii, kwenye kura za maoni za CCM, hutakuwa na mtu. Utawasikiliza watia nia wote, utawapima, kisha utaamua ukiwa ukumbini, kalamu mkononi. Ni nia njema. Wengi wamewahi kuwa nayo, na baadhi yao walidumu nayo hadi jioni.

Kwanza elewa kwamba hakuna atakayekuamini. Kijiweni hawaulizi kama una mtu, wanauliza, "Mtu wako nani?" Ukijibu kwamba huna, watatazamana, na kahawa yako haijapoa habari zitakuwa zimefika kambi tatu kwamba umechukuliwa na ya nne. Anayesema hana mtu huhesabiwa kuwa na mtu mzito, ambaye jina lake halitajwi hovyo. Kwa hiyo usikane. Sema, "Bado nasikilizia." Hilo wanalielewa: wanadhani unasikilizia dau.

Mtia nia mwenyewe hatakuja mwanzoni. Atatanguliza mpambe, na utamtambua kwa adabu zake. Wewe uliyepita mtaani miaka mitano bila kuulizwa hali, sasa utaamkiwa shikamoo na watu waliokuzidi umri. Itikia marahaba bila aibu. Kura zikishahesabiwa, mambo yatarudi yalivyokuwa. Mpambe hataomba kura. Ataulizia watoto, atasifia migomba, ataukumbuka msiba wa shangazi yako kuliko unavyoukumbuka wewe. Usimweleze shida yoyote. Mjumbe asiye na upande hana shida: ada imelipwa, paa halivuji, pikipiki ina mafuta. Ukinung'unika tu kwamba maji yanakatika, kesho lori la maji litakuwa mlangoni, na mtaa mzima utajua limetumwa na nani.

Kisha kuna bahasha, ambayo haiitwi bahasha. Ni nauli, ni rambirambi, ni soda ya watoto, ni muamala unaoingia saa tano usiku kutoka kwa namba usiyoijua. Zamani ilikuwa na jina la heshima zaidi. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilirekebishwa ili takrima, yaani ukarimu wa kimila wa mgombea kwa wapiga kura, isihesabiwe kuwa rushwa. Wanaharakati, Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kikiwa miongoni mwao, wakaenda mahakamani, na Aprili 2006 Mahakama Kuu ikavifuta vifungu hivyo. Mwaka 2010 ikaja Sheria ya Gharama za Uchaguzi, inayofuata fedha hadi ndani ya michujo ya vyama. Tangu hapo ukarimu hauna kinga ya sheria. Umejifunza kutembea usiku.

Hapa ndipo wasio na upande wengi huanguka. Ukiikataa bahasha ya mmoja, umejitangaza kuwa wa mpinzani wake. Ukizikataa zote, unaringa, na huenda unatumiwa na TAKUKURU. Wapo wanaozipokea zote kwa unyenyekevu uleule na kusema huo ndio usawa. Hoja yao ina mantiki yake: aliyekula kwa wanane hana deni kwa mmoja. Lakini wanane hao hukutana, hasa msibani, na hesabu zao huwa kali kuliko za mhasibu wa halmashauri. Mwongozo huu unashauri usafiri. Kuwa na mgonjwa wilaya ya mbali, mahali ambapo simu inashika kwa shida, na urudi alfajiri ya siku ya kura.

Ukishindwa kusafiri, utaunganishwa kwenye magrupu ya WhatsApp bila kuulizwa. Usitoke. Ukitoka, simu ya kila mwanachama itatangaza kwamba umetoka. Kaa kimya, na kwenye taarifa za misiba pekee andika "Poleni sana."

Siku za kujitambulisha, chama huwapandisha watia nia gari moja na kuwazungusha kwa wajumbe, watu wanaochukiana wakibanana kwenye kiti kimoja na kutabasamu. Kila mmoja ana dakika zake chache. Ni saa yako ya hatari, kwa sababu mikono yako inatazamwa. Piga makofi matatu kwa kila mmoja. Yule utakayempigia la nne, kwa bahati mbaya au kwa sababu nzi ametua mkononi mwako, ndiye mtu wako mpaka kufa. Wala usiulize swali. Kila swali zuri huaminika limeandikwa na kambi fulani.

Ukumbini ndipo penye raha. Mwaka 2020 kura zilihesabiwa hadharani, nchi nzima ikishuhudia watia nia waliohakikishiwa ushindi wakipata sifuri. Ndipo mitaani ukazuka msemo kwamba wajumbe si watu wazuri. Ulienezwa zaidi na waliopata sifuri, na hakuna aliyekwenda kuwauliza wajumbe. Jimbo la Kawe peke yake lilikuwa na watia nia zaidi ya mia moja. Mjumbe mwenye kura moja, hata awe malaika, atawaudhi wote hao isipokuwa mmoja. Paul Makonda aliacha ukuu wa mkoa wa Dar es Salaam, akaenda kutia nia Kigamboni, akashindwa na Faustine Ndugulile. Waliokuwa na mtu wao siku ile walilia au walicheza. Asiye na mtu alikwenda kula pilau.

Na kabla hujajivunia sana kura yako huru, fuatilia inakokwenda. Kawe ileile, Askofu Josephat Gwajima alikuwa wa tatu kwenye kura za wajumbe, na ndiye aliyerudishwa na vikao vya juu kugombea ubunge. Wala si jambo jipya. Mwaka 1965 mikutano mikuu ya TANU wilayani ilipiga kura kama hizi, kisha Halmashauri Kuu ya Taifa ikachagua wawili kwa jimbo, mmoja akapewa alama ya jembe, mwingine nyumba. Wakubwa nao hukumbwa na hayahaya: Dodoma, Julai 2015, wajumbe wa Halmashauri Kuu ya CCM walimwimbia Edward Lowassa ilhali jina lake lilikuwa limeshakatwa kwenye mbio za urais. Siku chache baadaye mwimbiwa alikuwa Chadema. Bila shaka mjumbe aliyekuja Dodoma bila mtu ndiye pekee aliyempigia John Magufuli, aliyepitishwa, makofi bila kubadilisha uso.

Jina likirudi kutoka vikao vya juu, sema, "Nilijua tu." Usifafanue.

Imebaki hatua moja, nayo humponza hata mkongwe. Utaitwa kwenye kikao cha kuvunja makundi. Watasimama wa huyu waombe radhi, watasimama wa yule wakumbatiane nao, katibu akiandika. Wewe utabaki kitini peke yako, na meza kuu itakutazama kama kundi lililokataa kuvunjwa. Kuwaeleza kwamba hukuwa na kundi hakutasaidia; kila kundi limesema hivyohivyo. Simama na wowote walio jirani yako, omba radhi kwa makosa yao, kumbatia atakayekufikia, kisha keti upesi na uhakikishe jina lako limo kwenye orodha ya nauli.