Namna ya Kuwa Mfamasia Asiyetundikwa Ukutani

Kwanza, kubali barua ya udahili ilivyokuja. Wengi wanaoingia shahada ya famasi waliweka udaktari chaguo la kwanza, na semesta nzima inawaishia wakipanga kuhama kozi. Mbele yako kuna miaka minne ya darasani, mwaka wa mafunzo kazini na mtihani wa Baraza la Famasi. Havipitiki kwa mtu anayetazama pembeni. Shangazi atakuuliza kwa nini usome miaka yote hiyo ili uje uuze Panadol. Usibishane naye kwenye simu. Siku moja nenda naye dukani, umwonyeshe kwamba kidonge cha kichwa alichomeza asubuhi na dawa ya mafua anayotaka kununua jioni vyote vina parasetamoli, na kwamba mtu mzima hatakiwi kuvuka gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500. Ataacha kuuliza, na ataanza kukutumia picha za maboksi ya dawa saa tano usiku. Mjibu.

Bumu likitoka, nunua mchele, unga na mafuta kabla ya viatu. Mengine kuhusu bumu utafundishwa bwenini.

Desa lisome, ila angalia ni la mwaka gani. Klorokwini ilikuwa dawa ya kwanza ya malaria nchini Tanzania mpaka 2001. Ikaja SP, na haikupita miaka mingi ikaja dawa ya mseto. Aliyekariri desa la kaka yake wakati huo alikariri tiba iliyokwisha kuachwa. Majina ya dawa nayo yashike kwa mikia yake: atenololi na propranololi ni ndugu, kaptoprili na enalaprili ni ndugu, na ukiijua tabia ya mmoja umepunguza usiku kadhaa wa kupiga msuli. Sapu ikikupata, rudi ukaifanye bila kujificha. Kinachowafikisha wengi kwenye kudisko ni aibu ya kumuuliza mwalimu mapema.

Hesabu za mwendo wa dawa mwilini ndizo zinazochukiwa kuliko zote, watu wakidhani ni za wanaotaka kuwa wahadhiri. Hizo ni hesabu za dirishani. Amoksilini haikai mwilini: kwa mtu mzima mwenye figo nzima, kila baada ya saa moja hivi nusu ya iliyomo kwenye damu imeshatoka. Sasa tazama kile kibahasha cha dawa kilichoandikwa 1x3. Mama aliyekipokea atameza asubuhi kwa chai, mchana kwa ugali na jioni kwa wali, dozi zote tatu ndani ya saa kumi na mbili, na usiku kucha bakteria wamepewa likizo. Kazi yako ni kuikunja semesta nzima iwe maneno haya: saa kumi na mbili asubuhi, saa nane mchana, saa nne usiku. Kisha mwombe ayarudie mwenyewe. Anayeitikia "ndiyo" mara tatu mfululizo hajasikia kitu.

Mseto hivyohivyo. Mtu mzima ana vidonge 24 vya siku 3, vinne kwa kila dozi. Dozi ya pili saa nane baada ya ile ya kwanza, zinazofuata asubuhi na jioni, pamoja na chakula chenye mafuta kidogo, maana bila mafuta lumefantrini hainyonywi vizuri. Ukiyatoa maelezo hayo kwa haraka, siku ya pili homa itashuka na vidonge vilivyobaki vitawekwa kabatini vimngoje mtoto augue.

Ukienda fildi, omba kukaa dirishani, hata kama wenzako wanagombea stoo yenye feni. Atakuja mzee.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Nipe rangi mbili za elfu moja. Kikohozi."

Usianze na hotuba ya usugu wa vimelea. Muulize kikohozi kina siku ngapi, kama usiku anatoka jasho, kama nguo zimeanza kumpwaya. Kikifika wiki mbili, huyo ni wa kupimwa kifua kikuu, na kwenye vituo vya serikali vipimo na dawa zake ni bure. Mwelekeze mpaka mlangoni. Elfu yake irudi naye mfukoni.

Ndoto za kazi zipange mapema na kwa majina. Ukipenda maabara na sheria, iko Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, iliyokuwa TFDA mpaka 2019. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani liliitambua Tanzania kuwa ya kwanza Afrika kufikia ngazi ya tatu ya udhibiti wa dawa. Kuna wodi, viwanda, na kazi ya urepu yenye gari na kamisheni. Mimi naona inayodharauliwa bila sababu ni ya ugavi, pale Bohari ya Dawa na kwenye stoo za wilaya. Maoteo ya mahitaji yakikosewa, zahanati ya kijijini inakaa bila dawa na daktari bora hana la kufanya.

Sasa lile la ukutani. Wino wa usajili haujakauka, mwenye duka atakupigia simu. Anataka cheti chako kining'inie juu ya kaunta, wewe ukae mji mwingine, na kila mwezi akutumie hela kwa simu. Kaunta atasimama binti aliyejifunza kwa kutazama, na siku moja mjamzito wa miezi minane atakuja na maumivu ya mgongo, auziwe ibuprofeni, ambayo kwa wakati huo inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Jina lililo ukutani ni lako. Ninawajua vijana wema walioanza hivyo kwa sababu ya njaa ya miezi michache, na hakuna hata mmoja ninayetaka ayarudie.

Mjibu mwenye duka kwa adabu: "Nitakuwepo saa mbili asubuhi mpaka saa kumi jioni. Nahitaji kona ya kuzungumza na mgonjwa bila foleni kusikia, na ufunguo wa kabati la dawa zinazodhibitiwa nikae nao mimi." Halafu taja mshahara wa mtu anayefanya kazi. Atakuambia mwenzako wa darasa amekubali kwa nusu ya mshahara huo na wala haji dukani. Mpigie huyo mwenzako jioni hiyohiyo, kabla cheti chake hakijapigwa msumari.